Lenzi Yangu na Maneno Aliyoyameza Mama

Kwetu Ufipa mtu akiugua, maneno ya daktari hapewi yeye, wanapewa ndugu. Mgonjwa anapewa uji, anapewa blanketi, anapewa pole, lakini maneno yanapokelewa kwanza na wakubwa, yanachujwa, na kinachobaki ndicho anacholetewa kitandani. Babu yangu alikufa akiamini ana vidonda vya tumbo. Shangazi alikatwa titi akiambiwa ni jipu sugu. Wote tuliona huo ni upendo, na mimi niliona hivyo hivyo mpaka zamu yangu ilipofika.

Jicho langu la kulia liliumia nikiwa msichana, tukipura ulezi nyumbani, kijiji kimoja upande wa Namanyere. Ulezi unapurwa kwa fimbo, watu mmezunguka, mnapiga kwa kupokezana na mnaimba ili fimbo zisigongane. Siku ile fimbo moja ilivunjika ncha, kipande kikaruka, kikanipata. Hakuna aliyelaumiwa, maana hata aliyeishika hakujua kama ni yake. Miezi michache baadaye kukawa na weupe katikati ya mboni. Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, siyo wa uzee, ni wa kuumia. Walipofungua wakakuta lenzi yangu ya kuzaliwa imepasuka na kifuko kinachoishika kimeraruka. Wakatoa vyote, na hapakuwa na mahali pa kuegesha lenzi nyingine. Nikabaki na jicho lisilo na kitu ndani.

Watu wakisikia hivyo wanadhani jicho la namna hiyo linaona giza. Hapana. Linaona mwanga mwingi kupita kiasi, na vitu vyote vimelegea kama sabuni iliyosahaulika majini. Nilipewa miwani, upande mmoja kioo kinene kama kitako cha chupa, upande wa pili kioo cha kawaida. Nikiivaa, jicho la kulia lilimwona mtu mkubwa na la kushoto likamwona mtu yule yule mdogo, na hao wawili hawakukubali kukaa pamoja. Nilitapika mbele ya mwalimu wa hesabu. Miwani ikaenda kukaa juu ya kabati na mimi nikaamua kuishi na jicho moja.

Nilipomaliza shule nilikuja mjini Sumbawanga, mtaa wa Chanji, kwa dada yangu mkubwa, nikajifunza cherehani. Ushonaji kwa jicho moja unawezekana, ila unakosa umbali. Unapeleka uzi kwenye tundu la sindano na tundu linakukwepa, unapeleka tena, linakukwepa tena, na mteja amesimama anakutazama kwa huruma ambayo hukumwomba. Nilizoea kugeuza shingo kama kuku anayechungulia punje. Wanawake wa mtaani walinitania, nami niliwarudishia, kwa sababu mimi siyo mtu wa kuachia utani uniangukie bure.

Halafu, nikiwa na miaka ishirini na kitu, na mchumba tayari, alikuja daktari bingwa wa macho katika hospitali moja ya mjini. Alikuja kwa muda tu, watu wakajaa hadi nje. Alinipima, akaniambia kwamba inawezekana. Angeniwekea lenzi ya plastiki, ndogo kama punje ya dengu, siyo nyuma inakokaa ya kuzaliwa bali mbele ya ule mduara wa rangi wa jicho, kwa kuwa nyuma hakuna kilichobaki cha kuishikilia. Hayo aliniambia mimi mwenyewe, ana kwa ana. Mwisho akasema, "Utaona." Mtu akikuambia neno hilo baada ya miaka yote ile, huulizi la pili.

Kesho yake baada ya upasuaji walinifungua bandeji, na kitu cha kwanza nilichokiona kwa macho mawili kilikuwa gauni la nesi. Kifungo cha juu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi tofauti na vingine. Nilimwambia hivyo, akacheka, nami nikalia, na nesi akanifokea nisilie kwa sababu ya dawa.

Daktari akaja mlangoni akauliza, "Ndugu wa mgonjwa wapo?"

Mama na dada wakanyanyuka, wakamfuata chumba cha pili. Dada alikwenda kwa ajili ya lugha. Kiswahili cha mama ni cha sokoni, na yule daktari aliongea Kiswahili cha pwani, cha haraka. Mimi nilibaki nikifundishwa kuweka matone. Walikaa kule kitambo. Walipotoka, dada alikuwa anatazama sakafu na mama alikuwa anatabasamu.

"Kasema umepona kabisa, mwanangu," mama aliniambia kwa Kifipa. "Hakuna masharti. Umalize dawa tu, basi."

Nikapiga vigelegele. Nesi akanifokea mara ya pili.

Niliolewa mwaka ule ule. Mume wangu ni fundi seremala, kwao ni Izia, mtu mpole ambaye hasira zake zote anazimalizia kwenye randa. Nilifungua banda langu la kushonea. Uzi ulikuwa unaingia kwenye tundu mara ya kwanza, na kuna siku niliuchomoa makusudi ili niuingize tena. Nilishona sare za shule, nilishona za kwaya, nilishona gauni la ubatizo la mwanangu mwenyewe. Sitaki kuidharau ile lenzi. Ilinipa miaka mizuri.

Na kila asubuhi mama alipiga simu kutoka kijijini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Asubuhi hii unaona vizuri?"

Hakuanza na mtoto wala mume wala chakula. Alianza na jicho, kila siku, tena kwa maneno yale yale. Niliwasimulia wateja wangu kwa majivuno. Nilisema wengine wana mama wa kuwaomba fedha, mimi nina mama wa kuniulizia jicho.

Ukungu ulianza mwezi wa sita, wakati ambao huku kwetu asubuhi ukiongea mdomo unatoa moshi. Niliamka, nikaona upande wa kulia kuna ukungu, kama dirisha la chumba kinachochemshiwa maharage. Nikafikicha. Kufika mchana ukaisha. Kesho yake ukarudi, mchana ukaisha tena. Mama alipopiga na kuuliza swali lake, nilimwambia.

Akaniuliza ni jicho lipi, nikamwambia la kulia.

"Ni baridi hiyo," akasema. "Baridi ya mwaka huu imezidi. Hata mimi macho yananichezea. Jikande maji ya moto."

Nikajikanda. Baridi ikapita, likaja joto la mwezi wa kumi, na ukungu ukaanza kuchelewa kuondoka, mara saa nane, mara jioni. Nikamwambia mama. Akasema ni vumbi. Mvua zikanyesha, vumbi likalala, akasema ni moshi wa kuni. Nikamwambia mimi napikia gesi. Akasema basi ni gesi.

Nami nilimwamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimwamini bila kujitahidi, jinsi unavyoamini kwamba kiti kiko nyuma yako unapokaa.

Siku jicho lilipoanza kuuma na mwanga kuwa kama mchanga, mume wangu hakuuliza mtu. Alinipakia kwenye bodaboda akanipeleka kliniki ya macho. Safari hii daktari alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwenye sauti ya taratibu. Aliniweka kwenye ile mashine ya kuegemezea kidevu, akatazama, akatazama tena.

"Unakuja kuangaliwa kila mwaka?"

"Sijawahi kurudi."

"Kwa nini?"

"Sikuambiwa nirudi."

Alitoa uso wake nyuma ya mashine akanitazama mimi sasa, siyo jicho. "Mama, hilo haliwezekani," akasema. Hakunigombeza. Alinieleza polepole, mtu wa kwanza kunieleza jicho langu mwenyewe. Akasema lenzi za namna hii ni nzuri na kuna watu wanakaa nazo bila shida, ila kwa mahali zinapokaa ziko karibu sana na kioo cha mbele cha jicho, kile chepesi ambacho mwanga unapita. Kioo hicho kina utando wa ndani ambao kazi yake ni kutoa maji nje, na utando huo ukichakaa hauoti upya. Lenzi ikiwa inaugusa, unachakaa kidogo kidogo bila maumivu, maji yanaanza kuingia, kioo kinavimba. Ndiyo maana mwenye lenzi hiyo anafuatiliwa maisha yake yote. Na dalili ya kwanza kabisa, akasema, ni ukungu wa asubuhi unaoondoka mchana, kwa sababu usiku jicho likiwa limefungwa maji hayakauki.

"Hiyo huwa hatuisemi mara moja tu. Tunairudia. Lazima ndugu zako waliambiwa wakuulize kila asubuhi unaonaje."

Kidevu changu kilikuwa bado kimeegemea pale kwenye mashine. Nilishindwa kukitoa. Nilisikia sauti ya mama yangu masikioni, asubuhi hii unaona vizuri, asubuhi hii unaona vizuri, miaka yote ile, na nikaelewa kwamba halikuwa swali lake. Lilikuwa swali la daktari. Alilichukua, akaliuliza kwa uaminifu kila siku, na siku nilipompa lile jibu ambalo alikuwa ameagizwa alisubiri, akaniambia ni baridi.

Daktari akasema presha ya jicho nayo imepanda. Lenzi ingepaswa kutolewa. Kioo kisingerudi kama zamani, na kubadilishiwa kioo cha mtu mwingine ni mambo ya mbali na Sumbawanga, foleni ndefu, na kwa presha ile hakutaka kunipa matumaini. Nikamuuliza ingekuwaje kama ningekuja ukungu ulipoanza. Akaniambia ukweli. Wangeitoa mapema, na kioo kingekuwa kimebaki kizima.

Nilipita kwa dada kabla ya kufika kwangu. Nilimkuta anachambua dagaa uani. Nilimuuliza swali moja tu, daktari yule wa kwanza aliwaambia nini. Sikutegemea kwamba atajibu. Akaweka ungo chini akanijibu yote, neno kwa neno, kila mwaka arudi, asifikiche, akiona ukungu asubuhi asingoje, akisikia maumivu asingoje. Miaka yote ile na hakuwa amesahau hata moja. Yalikuwa mazima kabisa, yamekaa kwake nyumba ya jirani tu, umbali wa kuazimana chumvi, na tulikuwa tunaazimana chumvi kweli.

"Mama alisema nisiseme," akalia. "Mshenga alikuwa amekuja wiki ile. Ningefanyaje?"

Nikamwambia angefungua mdomo. Nikaondoka.

Mume wangu nilimkuta karakanani kwake. Nilipomweleza alisimamisha randa. "Mimi? Ningekuoa tu. Kwani nilioa jicho?" Akarudi kwenye ubao wake, akasukuma mara mbili tatu, akasimama tena. Sasa alikuwa amekasirika. "Kwa hiyo miaka yote hii mama mkwe ananiona mimi mtu wa kurudisha mke kama shati lisilomtosha?" Nilicheka, kicheko kikageuka, nikalia juu ya mavumbi ya mbao mpaka pua ikaziba.

Jumamosi nikapanda basi la Namanyere. Mama alikuwa amekaa kizingitini anachagua maharage ya mbegu. Aliponiona alinyanyuka kwa furaha, akafuta mikono kwenye kanga, akasubiri. Nilisimama mbele yake na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumpa shikamoo.

Mikono yake ikaganda kwenye kanga.

"Dada yako kasema?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza. Siyo pole, siyo jicho likoje.

"Jicho limesema," nikamjibu.

Akakaa tena chini. Nikamuuliza kwa nini, naye akanieleza bila kujificha, na pengine ningemvumilia zaidi kama angejificha. Posa ilikuwa nyumbani. Wakwe wangesikia binti ana kitu cha plastiki jichoni, cha kurudi hospitali kila mwaka, wangesema wanapewa mbovu.

"Ungeniambia mimi, ningenyamaza mwenyewe."

"Wewe? Wewe hunyamazi, mama. Ungemwambia yule kijana siku hiyo hiyo."

Hapo alinipata, maana ningemwambia kweli. Alinijua vizuri, na alitumia kunijua kwake kunifunga.

"Na harusi ilipopita?"

"Ukapata mimba. Mwenye mimba hatishwi."

"Na nilipojifungua?"

"Ulikuwa unaona. Kila siku nilikuuliza, ukasema unaona. Nikasema moyoni yule daktari alikosea. Nilisali rozari kwa ajili ya jicho hilo, Mungu anajua."

"Na nilipokwambia kuna ukungu?"

Akaokota punje za maharage zilizomwangukia mapajani, moja moja, akazirudisha kwenye ungo. Nilimngoja. Kuku walipita katikati yetu na hakuna aliyewafukuza.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe kuja hivi. Ulivyokuja leo."

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi kuliko ninavyopenda. Najua alinipenda, sihitaji mtu wa kunikumbusha, na walionikumbusha ni wengi, wakiwemo padri na mama mkwe wangu, yule yule aliyekuwa anafichwa. Lakini mama yangu alipima vitu viwili, jicho langu na hasira yangu, na akachagua kuiepuka hasira. Alinisikia nikipofuka kwenye simu, asubuhi baada ya asubuhi, akanipa maji ya moto. Hilo nimelisamehe kanisani. Nyumbani bado.

Siku ya kupanga upasuaji daktari alifungua mlango akauliza kama ndugu yupo, na mume wangu akaanza kunyanyuka. Nikamvuta shati akae. Nikamwambia daktari maneno anipe mimi. Akanipa, hakupunguza. Jicho lingekuwa na mwanga lakini lisingetambua uso. La kushoto lilindwe, kwa kuwa sasa nina hilo tu. Sitasema kwamba kujua ni kutamu. Nilipokuwa nasikiliza kuna kipande changu kilichotamani mtu aniambie kwa Kifipa kwamba nimepona, hakuna masharti. Nilikichukia hicho kipande, lakini kilikuwepo.

Lenzi ilitolewa. Jicho limerudi kule kule, kwenye mwanga mtupu, ila sasa mwanga wenyewe ni wa maziwa. Nimerudi kugeuza shingo, na uzi naingiziwa na mwanangu. Wateja wenye wazazi wa kuwekewa lenzi wananijia kwa hofu kuniuliza kama zile plastiki ni salama. Nawaambia waende, wawekewe, ni neema. Halafu nawauliza nani ataingia kusikiliza. Wakisema mimi na kaka, mzee atabaki kwenye benchi, naweka mkasi chini na tunagombana. Wengine wamehama fundi kwa ajili hiyo.

Mama alikuja kuniuguza. Alinipikia ugali wa ulezi, alinifulia, alinisomea Injili. Shikamoo nampa siku hizi, sauti inatoka vizuri tu. Anapiga simu asubuhi kama zamani, ila haulizi tena habari za jicho, na anaponiambia kitu chochote, hata kwamba mvua imenyesha kijijini, nasikia ndani yangu kitu kinarudi nyuma hatua moja. Wiki iliyopita alikuwa na kifua. Juzi akanipigia akaniambia kimepona, hajambo kabisa, nisijisumbue kwenda. Sauti yake ilikuwa nzuri. Nikamwambia namshukuru Mungu, tukaagana, nikakata, nikampigia jirani yake kumuuliza kama mama yangu ni mzima.

"Kwani hujaongea naye?" jirani akashangaa.

Nikamjibu kwamba nimeongea naye sasa hivi.